Veneranda na Kuta za Kusimamisha

Asubuhi ya mwisho ya kawaida ilikuwa Jumanne. Veneranda aliamka kabla yangu. Nilimsikia akipuliza moto. Alichemsha viazi na maganda yake, akaweka chai, tukala jikoni kwa sababu mwezi wa saba Kihesa ina baridi ya kuuma masikio.

Akasema chumvi imeisha. Nikasema nitanunua.

"Jana ulisema hivyohivyo," akasema.

Nikamenya kiazi. Akacheka.

Halafu akavaa mabuti ya mpira na sweta lake la kijani, akaenda kwenye karakana ya kuta za zege kumwagilia kuta. Kazi ile alikwisha kuiacha, walimuaga na keki. Lakini kila asubuhi alikwenda. Alisema wasichana wanamwagilia katikati na kusahau pembeni, na zege likikauka haraka pembeni linapasuka. Saa nne akarudi. Tukapukuchua mahindi mpaka mchana. Hakuna kingine kilichotokea. Kesho yake kichwa kilimshika, na siku ya tisa tulimzika kwao Kalenga, jirani na mama yake.

Wajukuu wanakumbuka uji wake. Watu wa kanisani wanakumbuka sauti. Mimi nataka nieleze kuta.

Nilimkuta kwenye ujenzi. Ilikuwa mwaka 1981, ghala la mahindi hapa Iringa. Mimi nilitoka kwetu Uyole, Mbeya, nimekuja kutafuta kazi ya ufundi. Yeye alikuwa saidia fundi, anabeba maji kichwani, msichana wa Kihehe mwembamba. Siku ya tatu aliweka ndoo chini, akasimama nyuma yangu.

"Fundi, ukuta wako una tumbo."

"Lipu itaficha," nikamwambia.

"Kwa hiyo na lipu nayo itakuwa na tumbo."

Mafundi wote wakacheka. Nilibomoa mistari mitano. Mwaka uliofuata nilikwenda Kalenga kupeleka barua.

Miaka thelathini tulijenga pamoja. Mimi na mwiko, yeye na ndoo, baadaye yeye na pima maji. Darasa la saba alimaliza. Mimi sikukaa darasani hata siku moja. Herufi nilijifunza kwake, ukubwani, jioni baada ya kuoga vumbi. Namba za kwenye futi hazikuniingia vizuri. Kwa hiyo ramani alisoma yeye, mimi nikapima kwa kamba na kwa mguu, na nyumba zilisimama. Nyingi bado zimesimama.

Kwetu nyumba inajengwa hivi. Unamwaga msingi mwaka huu. Tofali unachoma mwakani, mvua ikikubali. Ukuta unapanda, unasimama, nyasi zinaota sebuleni. Chumba kikipinda, unanyoosha kwa lipu. Mlango ukiwa mdogo, unachonga ukuta. Kila kosa lina dawa palepale. Fundi mzuri ni yule anayejua dawa nyingi, na mimi nilizijua nyingi.

Halafu Sosthenes akafungua karakana nje kidogo ya Kihesa. Ukuta wake hajengi kwa tofali. Anaumwaga. Kuna kalibu za chuma zimelazwa chini, unapanga nondo, unamwaga zege, unapata kipande cha ukuta, urefu mita mbili, kwenda juu futi moja. Nguzo nazo zinamwagwa vilevile, zina mfereji kila upande. Ukifika kwenye msingi unasimamisha nguzo, unashusha kipande ndani ya mifereji, juu yake kingine, na kingine, mpaka kwenye lenta. Watu wanne wanabeba kipande kimoja. Siku tatu ukuta umekwisha.

Mafundi tulicheka. Tuliziita mabanda ya kuku. Mmoja alisema hiyo ni fensi inayotaka kuitwa nyumba. Mimi pia nilisema maneno, siyarudii hapa.

Veneranda aliomba kazi pale. Nilimuuliza kwa nini.

"Nimechoka kukufukia matumbo," akasema.

Alianza kwa kumwagilia. Baada ya mwaka akawa anapima kalibu kabla zege halijamwagwa. Ikiwa imelegea hata upana wa kucha, alifungua na kufunga upya. Wanawake wenzake, kumi na mmoja, walimwita Mama Kucha. Wengi walikuwa wajane au wameachwa. Faustina, aliyekuwa mdogo wao, alikuja na mtoto mgongoni, akamlaza kwenye kivuli cha kuta.

Shida ilikuwa watu hawakununua. Walikuja, wakagonga kwa ngumi, wakasema nzuri, wakaenda kuchoma tofali. Fensi waliagiza. Nyumba hapana. Sosthenes akawaambia wanawake waziwazi: akikosa mtu wa kumjengea nyumba, nyumba ionekane na watu, atafunga na kurudi kuuza kokoto.

Mwaka 2018 tulikwenda Uyole kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu Ezron. Ezron alikuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati, kule juu, barabara ya lami inapoachana na mashamba ya viazi. Zahanati ilikuwapo. Haikuwa na nyumba ya kina mama kusubiria kujifungua. Walikuwa wanatoka milimani, wanafika mapema kwa kuogopa kushikwa njiani, na wanalala kwenye korido. Kijiji kilifanya msaragambo wa tofali mara mbili. Mara mbili mvua ilizikuta mbichi.

Veneranda alisikiliza yote huku anamenya ndizi.

"Shemeji," akasema, "nipe msingi. Kuta nitakuletea kutoka Iringa, zitasimama siku tatu."

"Ukuta unatoka Iringa unapanda lori kuja Mbeya?" Ezron akauliza. "Unakaa siti gani?"

"Ya dirishani."

Walicheka mpaka bibi harusi akageuka. Lakini Ezron alikwenda na wanakamati mpaka Kihesa, wakagonga kwa ngumi. Wakakubali, kwa sharti. Mhandisi wa halmashauri atakuja Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Akipitisha, zahanati nyingine nne zitajengewa namna hiyo. Akikataa, mambo yanarudi kwenye tofali, na kina mama kwenye korido. Sosthenes naye akasema hii ndiyo ya mwisho. Zikisimama Uyole, karakana inabaki. Zisiposimama, anafunga.

Veneranda hakulala vizuri mwezi ule. Hakusema. Nilijua kwa sababu alikuwa akihesabu vipande usingizini.

Msingi nilipewa mimi, Mika. Kule ni kwetu, na mimi ni mumewe. Kwa kuwa namba zinanishinda, alinitengenezea kamba. Aliifunga mafundo kwa kufuata ramani, fundo moja kila panaposimama nguzo. Alinipa mkononi.

"Baba Lusekelo, fundo kwa fundo. Usiongeze, usipunguze."

"Nimesikia."

"Umesikia na masikio au na mguu?"

"Nimesikia, mama."

Nikatangulia Uyole. Vijana wa kijiji walichimba, mimi nikapanga mawe, tukamwaga zege. Fundo kwa fundo, kama alivyosema. Nilifika kwenye chumba cha mwisho, kile cha wazazi wenyewe, waliokaribia kujifungua. Hapo nikasimama.

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa mzee Kalinga, marehemu. Kalinga alikuwa na tabia yake. Akijenga chumba cha mzazi au cha maharusi, akishaweka alama ya mwisho, anaongeza nyayo mbili. Hamwambii mwenye nyumba. Alisema hiyo ni nyongeza ya fundi, kama mama wa sokoni anavyokuongezea kiganja cha maharage ukishanunua kisado. Mimi nilifanya hivyo maisha yangu yote. Hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwamba chumba ni kikubwa.

Nilitazama kile chumba. Niliona ni kidogo. Mama mwenye mzigo, na mkwe wake, na ndoo yake, na kitanda. Nikaweka mguu baada ya fundo la mwisho, nikaweka na mwingine. Nikachimba pale. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilijua ukuta ukipungua tutaunga.

Nguzo zilikuja Alhamisi. Nikazisimamisha zote, nikazimwagia zege miguuni, zikakauka. Jumatatu lori la pili likafika na vipande. Veneranda alikaa mbele na dereva Saulo, amejifunga blanketi. Wanawake wanne wa karakana walikuwa nyuma.

"Kamwene!" akawasalimia watu wa Uyole kwa Kihehe, makusudi.

"Ndaga!" wakamjibu wanawake kwa kwetu, yaani asante, ingawa hapakuwa na cha kushukuru bado.

Kazi ilikwenda. Sijawahi kuona kazi kwenda vile. Wanne wanabeba, wanapandisha, wanashusha, kipande kinaingia kwenye mfereji na kulia kama mlango unaofungwa. Chumba cha kwanza kilikwisha kabla ya chai. Watoto wa shule walisimama barabarani. Ezron alikuwa akitembea na mikono nyuma kama mwenye nyumba. Alasiri walifika chumba cha mwisho. Faustina na wenzake walibeba kipande, wakaingiza upande mmoja, wakaja upande wa pili. Upande wa pili hapakuwa na kitu. Kipande kiliishia hewani.

Wakakirudisha chini. Wakaleta kingine. Vilevile.

Saulo akasema, "Mama, ukuta umesinyaa. Mimi nilisema baridi ya Makambako si mchezo."

Watu wakacheka. Ezron hakucheka. Alisimama kwenye lile pengo, akanyoosha mikono.

"Shemeji, hapa anapita ndama."

Veneranda alitoa futi. Akapima kipande. Mita mbili. Akapima cha pili, cha tatu, vyote vya chumba kile, kimoja kimoja, watu wametulia. Mita mbili. Halafu akapiga magoti kwenye msingi, akapima kati ya nguzo na nguzo. Akapima tena. Akakunja futi, akaiweka mfukoni, akajifuta magoti.

Hakunitazama. Angenitazama ningepata nafuu.

"Tufanye hivi," Ezron akasema. "Tofali za msaragambo zipo, zile zilizopona. Tujaze hapo. Mika apige lipu, tupake rangi. Mhandisi ataona wapi?"

"Hapana, shemeji."

"Kwa nini hapana?"

"Mhandisi atagonga. Na asipogonga yeye, wale wa zahanati nyingine watagonga. Watasema kuta za Iringa zinakuja na pengo, mchome tofali za kuziba. Sasa kama utachoma tofali, karakana ya nini?"

"Basi mpigie Sosthenes. Mwambie huu ukuta wake ni mfupi."

"Si mfupi."

"Ni nini basi?"

Veneranda akainama, akapangusa vumbi kwenye kipande. Alikuwa anajua. Kila mtu aliyekuwa na akili angejua, maana vipande vyote viko sawa na msingi ni kazi ya mtu mmoja. Lakini alikuwa kwa wakwe, mbele ya kaka yangu, mbele ya kijiji nilichozaliwa. Hakunitaja. Nikaona Faustina anamtazama Veneranda, halafu anavitazama vipande, kama mtu anayeaga.

Nikasema, "Kaka, niliongeza."

"Uliongeza nini?"

"Nyayo mbili. Ni chumba cha mzazi."

Halafu mama mmoja mzee, Esnath, mkunga wa zamani pale, akapiga makofi.

"Jamani! Katupa nyongeza kama ya maharage!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ezron alishika kichwa. "Nyongeza ya msingi! Wewe Mika, unajenga au unauza nyanya?"

Mimi sikucheka. Veneranda alikuja mbele yangu.

"Kamba ilikuwa na mafundo mangapi?"

"Kumi na manne."

"La kumi na tano ukalifunga kwa mguu."

"Ndiyo."

"Sawa," akasema. "Sururu iko wapi?"

Nilimnyang'anya ile sururu. Nguzo tatu za mwisho nilizisimamisha mimi, na nilizing'oa mimi. Zege langu lilikuwa zuri, bahati mbaya. Nilianza Jumatatu ile jioni na Jumanne nzima, nyundo na patasi, nikilipasua pole pole nguzo zisivunjike. Nilikuwa na miaka sitini na saba. Mikono ilitoka malengelenge kama ya mwanafunzi. Vijana walitaka kunipokea, nikakataa. Esnath alikuwa akipita na kuuliza, "Fundi, leo huongezi?" Nikamwambia leo napunguza.

Jumanne jioni tulikula kwa Ezron. Tukiwa wawili nikamweleza Veneranda habari ya mzee Kalinga. Hakuwa anaijua. Miaka yote ile alikuwa akishangaa kwa nini vyumba vyangu vya maharusi vinazidi, alidhani mguu wangu ni mbovu.

"Kalinga alikuwa anajenga palepale," akasema. "Anaweza kutoa palepale. Huu ukuta ulishatoka Iringa, Mika. Ungeniambia mapema, ningemwaga kipande kirefu."

"Inawezekana?"

"Kalibu ni chuma, siyo Biblia. Inarefushwa."

Hilo sikulijua. Nilidhani kiwanda hakina nafasi ya huruma. Kumbe nafasi ipo, ila iko mwanzoni.

Jumatano tukachimba msingi mpya kwa ndani, pale fundo la kumi na nne lilipotaka. Nguzo tukazisimamisha, tukazifunga kwa miti pande zote. Alhamisi hatukugusa kitu, Veneranda alimwagilia tu na kutazama mawingu. Yalikusanyika juu ya mlima, yakaondoka. Ijumaa asubuhi Faustina na wenzake walibeba kipande cha kwanza. Upande mmoja ukaingia. Upande wa pili ukaingia. Kikashuka na kulia.

Veneranda aliketi juu ya mfuko wa saruji. Alikaa hapo kama dakika mbili, mikono mapajani. Halafu akasema kinachofuata kije, mbona wamesimama.

Ule msingi wa zamani ulibaki nje, upana wa nyayo mbili, umezunguka ukuta wa mwisho. Tulijaza mawe katikati tukasakafia juu. Ukawa kama kibaraza. Kina mama walianza kukikalia kabla saruji haijakauka vizuri, ukiangalia utaona alama ya kitenge mpaka leo.

Nyumba ile ilipita. Ilipauliwa kabla ya mvua, na mtoto wa kwanza wa pale ni wa kike, ana miaka ya kwenda shule sasa. Zahanati nne zilijengwa, halafu nyumba za walimu, halafu sikuhesabu tena. Katika zahanati zote nne chumba cha wazazi ni kikubwa kuliko vingine. Veneranda alirefusha kalibu, nusu mita. Kwenye ramani ya karakana imo, imeandikwa. Hakuniambia, nilimkuta Faustina anaifunga, nikauliza hii ndefu ya nini, akasema ni ya Mama Kucha.

Karakana ipo. Wanawake sasa wamefika ishirini na tatu. Baada ya mazishi walinitumia ujumbe kwamba wanataka mtu wa kumwagilia pembeni. Nakwenda kila asubuhi. Wananipa kiti, sikikalii sana.

Lakini siku ile ya Ijumaa haikuwa rahisi mpaka mwisho, na hilo ndilo nilitaka kulifikia. Mhandisi alifika saa sita, mwanamke kijana, ana daftari na nyundo ndogo. Akagonga kila kipande. Akapima mlango, madirisha, akatazama juu kwa jicho moja. Alizunguka nyumba nzima. Tulimfuata sote, kamati mbele, wanawake wa karakana nyuma, mimi nyuma kabisa. Akafika ukuta wa mwisho, akasimama, akaona ule msingi wa nje.

"Hiki kwenye ramani hakimo," akasema. "Ni nini?"

Ezron akarukia. "Ni kibaraza, mheshimiwa. Kamati ilipanga, kina mama wapate kuota jua."

Mhandisi akainama, akagusa kwa nyundo, akaona mawe ya chini jinsi yalivyopangwa. Alijua msingi akiuona. "Hiki kilikuwa msingi," akasema. "Nani kajenga? Nahitaji kuandika."

Ezron akanitazama. Mimi nikafungua mdomo. Veneranda akatangulia, akasogea mpaka karibu na lile daftari, akasema:

"Msingi kajenga mume wangu, Mika. Kakosea sehemu moja, kasema mwenyewe mbele za watu, kabomoa mwenyewe kwa mkono wake. Andika hivyohivyo, mwanangu, wala usipunguze."